Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Maafisa wa Kijeshi Waliopeleleza Dhidi ya Serikali Zao

Ikisiri

Makala hii inafafanua suala la maafisa wa kijeshi ambao, wakiwa wangali katika utumishi, walitoa siri za serikali zao kwa dola nyingine. Tunaeleza ni kwa nini afisa hushawishika kufanya hivyo, njia anazotumia, namna anavyogunduliwa na yanayomfika baadaye. Mifano yetu inatoka Austria-Hungaria, Ufaransa, Umoja wa Kisovieti, Marekani, Poland na Afrika Kusini. Tunahitimisha kwa kuonyesha kwamba maneno jasusi, msaliti na haini, ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni visawe, yanabeba dhana tatu tofauti, na kwamba kuyachanganya ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata haihitaji kuuvunja mtungi ili ijue kilichomo. Huingia na kutoka kila siku, tena kwa idhini ya mwenye nyumba. Methali hii inatufaa katika kumwelewa afisa wa kijeshi anayeipeleleza serikali yake mwenyewe. Jasusi anayetoka nje hana budi kudanganya ili aingie. Afisa huyu tayari yumo. Ameapishwa, amevishwa vyeo, amekabidhiwa ufunguo wa kabati la nyaraka, na kila aisomapo hati ya siri huwa anatekeleza wajibu wake halali. Kosa lake huanza pale tu anapoipeleka hati hiyo asikotumwa.

Ni muhimu kumtenganisha afisa huyu na mwanajeshi mpinduzi. Sisi Wakenya tunapolisikia neno uhaini, wengi wetu hukumbuka jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 na kesi za wanajeshi wa angani zilizofuata. Hata hivyo, mpinduzi hutaka serikali ianguke, naye hujitokeza hadharani siku ya siku. Afisa jasusi hali yake ni kinyume. Thamani yake inategemea kuendelea kuaminiwa na serikali ile ile anayoisaliti; akipandishwa cheo, bei ya habari zake nayo hupanda. Mpinduzi huivunja nyumba, ilhali jasusi huikalia, huifagia na kusifiwa kwa usafi wake.

Fasihi yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Katika masimulizi ya Fumo Liongo, maadui walishindwa kumuua shujaa kwa silaha na hila za nje. Walifanikiwa walipomtumia mwanawe (baadhi ya masimulizi husema mpwa wake) kwa kumwahidi ndoa na heshima, ili aiulize siri ambayo yeye pekee angeweza kuiuliza: kwamba Liongo hufa kwa sindano ya shaba akidungwa kitovuni. Mambo yote ya msingi katika makala hii yamo katika kisa hicho: siri, mtu wa ndani, ahadi, na swali la kama aliyeahidiwa alifaidi chochote.

2.0 Kinachomsukuma Afisa

Wachambuzi wa mambo ya ujasusi huyaweka mambo yanayomsukuma mtu kuisaliti serikali yake katika mafungu manne: tamaa ya fedha, itikadi, shurutisho, na kiburi kilichojeruhiwa. Mgawanyo huu unafaa kwa uchambuzi, ila visa halisi huonyesha kwamba mafungu haya huingiliana.

2.1 Tamaa ya fedha

Kanali Alfred Redl wa jeshi la Austria-Hungaria ndiye mfano unaotajwa zaidi. Aliwahi kusimamia kazi ya kuwanasa majasusi katika idara ya ujasusi wa kijeshi mjini Vienna, kisha akawa mnadhimu mkuu wa kikosi cha nane cha jeshi mjini Prague. Miaka yote hiyo alikuwa akiwauzia Warusi mipango ya kivita ya nchi yake. Aliishi maisha ya anasa ambayo mshahara wake usingeweza kuyagharimia, na ajabu ni kwamba wakubwa zake hawakuyatilia shaka. Mlinzi wa zizi ndiye aliyekuwa akiuza kondoo.

John Walker wa jeshi la majini la Marekani naye aliingia kwa miguu yake katika ubalozi wa Kisovieti mjini Washington mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na siri za mitambo ya kufumba mawasiliano ya kijeshi, akataka alipwe. Alilipwa hadi mwaka 1985. Alipostaafu hakuacha, aliwaingiza kazini kaka yake, rafiki yake na mwanawe wa kumzaa. Hapa tamaa haikuishia kwa mtu mmoja, bali iligeuzwa kuwa biashara ya ukoo.

2.2 Itikadi na dhamiri

Kanali Ryszard Kukliński alifanya kazi katika makao makuu ya jeshi la Poland, nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Kisovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1968 majeshi ya Mapatano ya Warsaw, likiwemo la Poland, yaliivamia Chekoslovakia. Desemba 1970 jeshi la Poland liliwafyatulia risasi wafanyakazi Wapoland waliokuwa wakiandamana katika miji ya pwani. Kukliński aliona pia kwamba mipango ya vita ya Kisovieti ingeifanya Poland kuwa uwanja wa mabomu ya nyuklia. Mwaka 1972 aliandika barua kwa ubalozi wa Marekani nchini Ujerumani Magharibi. Kwa muda wa miaka tisa alitoa takriban kurasa 35,000 za nyaraka, nyingi zikiwa za Wasovieti wenyewe. Alishikilia hadi kufa kwake kwamba aliyekuwa akimpeleleza ni mkoloni wa nchi yake, wala si nchi yake.

Dieter Gerhardt alikuwa komodori katika jeshi la majini la Afrika Kusini na mkuu wa kituo cha kutengenezea meli za kivita cha Simon's Town. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliwapa Wasovieti siri za jeshi hilo, zikiwemo za silaha zilizoundwa katika nchi za Magharibi. Alieleza kwamba aliichukia serikali ya ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, alilipwa pia fedha. Je, fedha huifuta itikadi? Au mtu aweza kuamini na kulipwa kwa wakati mmoja? Msomaji asiharakishe kujibu.

2.3 Kiburi kilichojeruhiwa

Kanali Oleg Penkovsky wa ujasusi wa kijeshi wa Kisovieti alikuwa na nishani za vita na jamaa za ngazi za juu, lakini ilipobainika kwamba baba yake alikuwa afisa wa jeshi lililowapinga Wabolsheviki, njia ya kupanda cheo ilimfungia. Kuanzia 1961 alizitumikia Uingereza na Marekani kwa pupa ya mtu anayetaka kuthibitisha kwamba waliomdharau walikosea.

Jenerali Dmitri Polyakov wa idara hiyo hiyo alianza kuwasaidia Wamarekani mjini New York mwanzoni mwa miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba mwanawe mdogo aliugua akiwa huko, wakubwa zake wakamkatalia ruhusa ya kumtibia hospitali za Marekani, mtoto akafariki. Polyakov hakupenda kupokea fedha nyingi. Aliridhika na vifaa vya useremala, zana za uvuvi na bunduki za kuwindia. Iwapo masimulizi hayo ndiyo ufunguo wa kisa chake, basi chanzo cha usaliti wake kilikuwa kilio cha mzazi ambacho hakikupata msikilizaji.

2.4 Shurutisho

Fungu la shurutisho ndilo linalopendwa mno na watunzi wa riwaya: afisa amepigwa picha za aibu, anatishwa, anakubali. Visa tulivyovitaja vinaonyesha jambo jingine. Walker, Kukliński, Gerhardt na Penkovsky hawakutafutwa, walijipeleka wenyewe. Penkovsky hata ilimbidi ahangaike. Agosti 1960 aliwasimamisha vijana wa Kimarekani waliokuwa watalii mjini Moscow, akawakabidhi barua ya kupeleka kwenye ubalozi wao, na ikapita miezi kadhaa kabla hajaaminiwa. Mara nyingi, basi, adui hahitaji kuubomoa mlango. Humsubiri aliye ndani aufungue.

3.0 Njia na Vifaa

Kuipata siri si kazi ngumu kwa afisa. Ugumu uko katika kuitoa. Penkovsky alitumia kamera ndogo kabisa ya aina ya Minox kupiga picha za nyaraka. Baadhi ya filamu alizikabidhi kwa Janet Chisholm, mke wa afisa wa ujasusi wa Uingereza mjini Moscow, walipokutana kana kwamba kwa bahati katika bustani ambako mama huyo alikuwa akiwatembeza watoto wake. Mpita njia angemwona bwana mpole akiwapa watoto peremende. Filamu zilikuwa katika kisanduku cha peremende hizo.

Njia nyingine ni kutokutana kabisa. Pande mbili hukubaliana mahali pa kuachia mzigo, mmoja akauweka, mwingine akauchukua baadaye. Penkovsky alipangiwa mahali pa aina hiyo nyuma ya kipasha-joto katika mlango wa jengo moja la mjini Moscow, ambapo kiberiti kilichozungushiwa waya kingening'inizwa. Uhodari wa njia hizi umo katika ukawaida wake: kiberiti, peremende na bustani ni vitu visivyokumbukwa na yeyote.

Faida ya habari hizo kwa waliozipokea yaweza kuwa kubwa mno. Oktoba 1962, ndege za Marekani zilipopiga picha za makombora ya Kisovieti nchini Kuba, miongozo ya kijeshi iliyotolewa na Penkovsky iliwasaidia wachambuzi kuyatambua na kukadiria muda ambao yangehitaji kuwa tayari. Kwa upande mwingine, siri alizouza Walker ziliwawezesha Wasovieti kusoma mawasiliano ya jeshi la majini la Marekani kwa miaka mingi.

Ila mtoaji habari hana mamlaka juu ya matumizi yake. Kukliński aliwaarifu Wamarekani kuhusu mipango ya serikali ya Poland ya kutangaza utawala wa kijeshi, akatoroshwa na familia yake Novemba 1981. Utawala huo ulipotangazwa tarehe 13 Desemba 1981, maelfu ya wanaharakati wa chama cha wafanyakazi cha Solidarity walikamatwa bila kutarajia. Marekani haikuwa imewaonya hadharani. Aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya watu wake hakuwa tena mwenye habari hizo. Zilikwisha kuwa mali ya dola nyingine yenye hesabu zake.

4.0 Kugunduliwa

Afisa jasusi hugunduliwa kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni alama ndogo aliyoisahau. Mwaka 1913 barua zenye fedha nyingi zilizotumwa Vienna bila kuchukuliwa na mwenyewe ziliwatia shaka wakuu wa usalama. Polisi waliwekwa katika posta, wakangoja kwa majuma kadhaa. Aliyekuja kuzichukua aliponyoka kwa teksi, lakini akasahau humo ala ya kisu chake kidogo. Ala hiyo ikawasaidia kumtambua kuwa ni Redl, mtu aliyewafundisha wenziwe mbinu za kuwanasa majasusi.

Njia ya pili ni jamaa wa karibu. Walker aliripotiwa kwa shirika la upelelezi la FBI na aliyekuwa mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye kumla mwenziwe naye huliwa na nguo zake.

Njia ya tatu ni msaliti wa upande wa pili. Polyakov aliwatumikia Wamarekani kwa takriban miaka ishirini bila kunaswa, kisha akatajwa kwa Wasovieti na Wamarekani wawili waliokuwa wakiuza siri za nchi yao, Robert Hanssen wa FBI na Aldrich Ames wa CIA. Alikamatwa mwaka 1986, akauawa mwaka 1988.

Kuna njia ya nne ambayo si ya kugundua bali ya kubuni, nayo ni chuki. Mwaka 1894 karatasi yenye orodha ya siri za kijeshi iliokotwa katika kapu la taka la ubalozi wa Ujerumani mjini Paris. Wakuu wa jeshi la Ufaransa walimshuku Kapteni Alfred Dreyfus, ambaye alikuwa Myahudi katika jeshi lililojaa chuki dhidi ya Wayahudi. Ushahidi mkuu ulikuwa mfanano wa mwandiko. Alihukumiwa, akavuliwa vyeo hadharani, akapelekwa kufungwa katika Kisiwa cha Ibilisi. Mwaka 1896 Georges Picquart, afisa wa ujasusi, aligundua kwamba mwandiko ule ulikuwa wa Meja Ferdinand Esterhazy, mtu aliyezama katika madeni. Badala ya kushukuriwa, Picquart alihamishwa na baadaye akafungwa. Esterhazy alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Januari 1898, akaachiliwa. Dreyfus hakusafishwa jina lake hadi mwaka 1906. Wakuu wake waliona aibu ya kukiri kosa kuwa kubwa kuliko hatari ya kumwacha jasusi halisi huru.

5.0 Baada ya Siri Kufichuka

Serikali iliyosalitiwa hukumbwa na vishawishi viwili: kulipiza kisasi upesi na kuficha aibu. Redl alipotambuliwa, maafisa wenzake walimfuata hotelini, wakamwachia bastola ajiue. Alijiua tarehe 25 Mei 1913. Walidhani wameihifadhi heshima ya jeshi. Kumbe walimzika pamoja na majibu ya maswali muhimu: ni mipango ipi aliyoiuza, na kwa nani? Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza. Aidha, siri yenyewe haikukaa. Gazeti mjini Prague liliifichua baada ya siku chache.

Penkovsky alikamatwa Oktoba 1962, akashtakiwa hadharani na kupigwa risasi Mei 1963. Walker alifungwa maisha, akafia gerezani mwaka 2014. Gerhardt alikamatwa nchini Marekani mwaka 1983, akahukumiwa kifungo cha maisha nchini mwake. Aliachiliwa mwaka 1992 wakati mfumo wa ubaguzi ulipokuwa ukiporomoka, na mwaka 1999 akapewa msamaha kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Kukliński alihukumiwa kifo bila ya kuwepo mahakamani mwaka 1984. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka, adhabu ilipunguzwa na hatimaye mashtaka yakafutwa. Alizuru Poland mwaka 1998. Wanawe wawili walikuwa wamekwisha kufariki ugenini mwaka 1994. Yeye mwenyewe alifariki nchini Marekani mwaka 2004, akazikwa kwa heshima katika makaburi ya kijeshi mjini Warsaw, na mwaka 2016 akapandishwa cheo kuwa jenerali. Hata hivyo, Wapoland hawajakubaliana juu yake. Wapo wanaouliza: ikiwa kila afisa atajiamulia ni lini kiapo chake kinamfunga na ni lini hakimfungi, jeshi litabaki kuwa jeshi? Swali hili haliwezi kupuuzwa hata na wanaompenda.

6.0 Jasusi, Msaliti, Haini

Tukiyarejelea maneno yetu, tunaona kwamba Kiswahili kimetutajirisha kuliko tunavyokitumia. Neno mpelelezi, linalotokana na kitenzi peleleza, ni pana: linamhusu Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla anayefumbua mauaji, na linaweza kumhusu anayechungua siri za dola. Jasusi, lenye asili ya Kiarabu, limejikita zaidi katika maana hii ya pili, na ndilo linalomfaa Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kuna pia kachero, na katika mazungumzo ya Watanzania, shushushu. Maneno haya yote yanataja kazi. Hayasemi kama kazi hiyo ni njema au mbaya. Willy Gamba ni jasusi, na msomaji humshangilia.

Msaliti ni neno la uhusiano. Huwezi kumsaliti usiyemjua wala asiyekuamini. Ndiyo maana Yuda Iskariote ndiye aliyelibeba neno hili katika Kiswahili cha Kikristo, wala si askari waliomkamata Yesu. Ili kulitumia neno hili hatuna budi kuuliza: alimsaliti nani?

Haini, neno lililotokana na Kiarabu pia, limekuwa katika matumizi ya sasa neno la sheria na dola. Uhaini ni kosa lenye adhabu, na mtu huwa haini kwa ukamilifu pale anapotangazwa hivyo na mahakama.

Tukiwapima wahusika wetu kwa maneno haya, tofauti zinajitokeza. Redl alikuwa jasusi na msaliti, lakini hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kumwita haini. Esterhazy alikuwa jasusi na msaliti pia, ila mahakama ilimwachilia. Dreyfus aliitwa haini na mahakama ilhali hakuwa jasusi wala msaliti. Kukliński na Gerhardt walikuwa majasusi, hilo halina ubishi. Uhaini wao ulitangazwa na serikali moja na kuondolewa na nyingine. Na kuhusu usaliti wao, jibu linategemea kama tunaiona nchi kuwa ni serikali yake au ni watu wake. Laiti maneno haya matatu yangekuwa visawe, sentensi inayomhusu Dreyfus isingeweza kutungwa.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba afisa anayeipeleleza serikali yake ni zao la hali nyingi: deni, dhamiri, dharau, au msiba usiopata faraja, na kwamba mara nyingi hujitoa mwenyewe. Tumeonyesha pia kwamba serikali huweza kujidhuru zaidi kwa namna inavyomshughulikia, kama ilivyokuwa Vienna na Paris.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina uzito wa pekee. Tangu Katiba ya 2010 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, wengi wetu tutaajiriwa kuwa wafasiri, wakalimani wa mahakama, na wanahabari. Ipo siku mmoja wetu atatakiwa kuandika kichwa cha habari au kufasiri hati ya mashtaka inayomhusu mwanajeshi aliyeshukiwa tu. Akiandika jasusi pale ambapo hakuna ushahidi, au haini kabla ya hukumu, atakuwa amefanya kwa kalamu yale ambayo majaji wa Dreyfus waliyafanya kwa mwandiko uliofanana. Waandishi wa riwaya nao wanayo nafasi pana. Riwaya yetu ya kijasusi aghalabu imemfuata shujaa anayeitumikia serikali yake. Afisa anayerudi nyumbani jioni, akavua sare na kula na wanawe, huku akijua kilichomo katika kisanduku cha peremende, bado anamngojea mtunzi atakayemwandika kwa Kiswahili bila ya kumtetea wala kumlaani mapema.